Rumeksi inayorudi kila mara: soma dalili kabla ya kushika jembe

Anayelalamika kuhusu rumeksi, gugu sugu la shambani na malishoni, husema neno moja tu: "Nimeing'oa, imerudi." Ukimfuata hadi shambani ndipo unagundua kwamba hilo "imerudi" lina mambo mengi ndani yake. Huyu mzizi wake umechipua tena. Yule mbegu za miaka ya nyuma zimeota. Wa tatu alipitisha mashine akakata mzizi mmoja vipande kumi, na wa nne anahangaika na mmea ambao si rumeksi hata kidogo. Tiba ya mmoja humharibia mwingine: ukichimba sana penye tatizo la mbegu unazidisha mbegu kuota, na ukikwangua juu juu penye tatizo la mzizi unaupa mzizi mapumziko tu. Kwa hiyo anza na unachokiona, kisha rudi nyuma kutafuta chanzo.

Kwanza hakikisha ni rumeksi

Jenasi ya Rumex ina spishi zipatazo 200, na zinazosumbua shambani ni chache. Alama ya kutegemea si umbo la jani, kwa sababu majani hubadilika kulingana na umri na udongo. Tazama pale kikonyo cha jani kinapoungana na shina. Rumeksi ina ala nyembamba iliyolizunguka shina kama ganda la kitunguu. Ikiwa changa huwa laini na ina utelezi kidogo, ikizeeka hugeuka kahawia na kuchanika. Hakuna ala, hakuna rumeksi. Ukitaka ushahidi wa pili, kata mzizi kwa kisu: ndani utaona rangi ya njano, wakati mwingine inayoelekea chungwa. Mmea ukishatoa mbegu hakuna ubishi tena, maana kila tunda lina mbawa tatu na ndani yake mna mbegu ya kahawia yenye kona tatu, inayong'aa kama imepakwa mafuta.

Wasumbufu wakubwa ni wawili. Rumex obtusifolius ana jani pana, kitako chake kimeingia ndani kama moyo na ncha yake ni butu, na mbawa za matunda yake zina meno pembeni. Rumex crispus ana jani jembamba na refu, kingo zake zimejikunja mawimbi mawimbi kama pindo la nguo lililovutwa uzi, na mbawa za matunda yake hazina meno. Hawa wawili huzaana, kwa hiyo ukikuta mmea wenye sura ya kati usijisumbue kuupa jina. Dawa yao ni ileile.

Kuna wengine wawili ambao ni tofauti kabisa kwa tabia. Rumex acetosa ndiyo rumeksi chachu inayopandwa bustanini kama mboga. Jani lake ni kama kichwa cha mshale, na masikio mawili makali yanayoelekea nyuma. Rumex acetosella ni mdogo, ana masikio yanayotazama nje, na hutambaa chini ya ardhi. Huyu wa mwisho nimempa sehemu yake huko chini, kwa sababu watu wengi humpiga kwa silaha isiyo yake.

Tahadhari moja kwa wanaochuma majani ya porini. Digitalis, mmea wenye sumu, ikiwa changa hukusanya majani chini kama rumeksi, lakini majani yake yana vinyweleo laini na haina ala. Sumu yake hugusa moyo. Arum maculatum, mmea mwingine wa porini, ana jani la mshale linaloweza kumdanganya mtu anayetafuta rumeksi chachu. Tofauti iko kwenye masikio, maana ya Arum ni ya mviringo, na kila jani hutoka ardhini peke yake bila ala yoyote. Utomvu wake huchoma kinywa. Usilitafune jani ili kujua ni la nini. Tafuta ala kwanza.

Nimeing'oa, wiki tatu baadaye imechipua palepale

Hii ndiyo dalili inayojulikana kuliko zote, na karibu mara zote chanzo ni kilekile: ulichukua majani na kipande cha mzizi, ukaacha shingo.

Usikisie. Rudi kwenye lile chipukizi, chukua koleo, ufukue taratibu pembeni yake hadi uone linakotoka. Utakuta mzizi mnene uliokatika, na juu yake, pembezoni mwa kidonda, vichipukizi viwili vitatu vyenye rangi ya waridi vimejipanga kama meno ya mtoto. Hapo umeona ugonjwa wenyewe kwa macho.

Mzizi mkuu wa rumeksi kubwa unaweza kushuka zaidi ya mita moja, na mtu akisikia hivyo hukata tamaa. Hakuna haja. Uwezo wa kuchipua uko sehemu ya juu tu, ile shingo inayounganisha mzizi na majani pamoja na sentimita chache chini yake. Mzizi wa kina, ule mrefu unaotisha, ukibaki peke yake kwa kawaida huoza. Ndiyo maana ushauri wa kawaida ni kukata angalau sentimita 12 hadi 15 chini ya uso wa udongo. Kipimo hicho kina akiba ndani yake, na akiba hiyo ni muhimu kwa sababu mkono unapochoka kina hupungua bila mwenyewe kujua. Mimi nilikuwa nachora mstari wa rangi kwenye ubao wa koleo. Ikifika saa ya pili ya kazi mstari ule unakuwa juu ya ardhi, na hapo najua nimeanza kujidanganya.

Ukivuta kwa mkono bila kulegeza udongo, mzizi hukatika pale ulipo mwembamba au palipo na jiwe, na mara nyingi hukatika ndani ya shingo yenyewe. Subiri mvua inyeshe, udongo ulowe lakini usiwe tope. Chomeka jembe uma sentimita kumi hivi kutoka kwenye mmea, ukilielekeza chini ya shingo, kisha egemea mpini polepole. Utasikia mzizi ukiachia, sauti nzito ya kitu kinachokatika chini kabisa. Ukisikia sauti kali ya juu, umekata mapema na utarudi.

Mizizi mikongwe hugawanyika, mmoja ukawa na vichwa vitatu au vinne. Ukitoa kimoja na kuridhika, vingine vinakucheka. Pekua shimo kwa vidole kabla ya kulifukia.

Na usiutupe mmea uliong'olewa hapohapo juu ya udongo wenye unyevu. Shingo yake ikigusa ardhi na mvua ikanyesha, inaweza kushika mizizi upya. Mtu anarudi baada ya mwezi anaapa kwamba hakuna mmoja aliobakisha, na kwa kweli hakubakisha. Aliupandikiza.

Ulikuwa mmoja, sasa iko kumi na miwili imejipanga mstari

Uliza swali moja tu: nani amepita hapa na mashine? Rotoveta, haro ya sahani, hata jembe la mkono lililotumiwa kwa hasira, hukata shingo vipande vipande na kuvisambaza kuelekea ilikokwenda mashine. Kila kipande chenye sehemu ya shingo kinaweza kuwa mmea.

Haimaanishi kwamba mashine haina kazi. Ukipita mara moja na kuacha, umezalisha. Ukipita mara kadhaa wakati wa jua kali, kila mara vichipukizi vinapotokeza, vipande vinakauka juu na kuishiwa akiba yake. Kazi hiyo inahitaji ukame wa kweli na ardhi iliyo tayari kukaa tupu. Kama mawingu yameanza kukusanyika, iache mashine ghalani. Plau inayogeuza udongo kabisa hufukia shingo chini, ila zile zilizofukiwa kwa kina kidogo hupanda tena, na mbegu zilizokuwa chini nazo huletwa juu. Lipi bora? Kama mimea ni michache kiasi cha kuhesabika, koleo linashinda kila mashine.

Nilichimba vizuri, sasa kuna zulia la vimche

Hapa watu hudhani kazi ya koleo imeshindwa. Tazama kwa karibu. Chipukizi la mzizi hutoka nene, mara nyingi kadhaa kwa pamoja, na majani yake ya kwanza tayari yana makunjo. Mche wa mbegu ni mwembamba, una majani mawili ya mwanzo yaliyo marefu kiasi na laini, na ukiuvuta unatoka mzima na kamzizi kama uzi. Ukiona vimche, basi ulichimba vizuri. Ulichofanya ni kuamsha ghala la mbegu.

Mmea mmoja mkubwa wa Rumex obtusifolius unaweza kutoa makumi ya maelfu ya mbegu kwa mwaka, na mbegu hizo zina subira. Mwaka 1879 mtaalamu wa mimea William James Beal alifukia chupa 20 za mchanga huko Michigan, Marekani, kila moja ikiwa na mbegu 50 za kila aina alizochagua, ili zifukuliwe kidogo kidogo na watakaokuja baada yake. Mwaka 1960, miaka 80 baadaye, bado zilikuwepo mbegu za Rumex crispus zilizoota. Nyingi za wenzake kwenye chupa ilikuwa zamani zimekufa.

Mbegu hizi husubiri mwanga na mabadiliko ya joto kati ya mchana na usiku. Chini ya nyasi zilizoshonana hazipati kimoja wala kingine. Unapofungua shimo unazipa vyote. Kwa hiyo tiba haiko kwenye kuchimba zaidi, iko kwenye kufunga. Shimo la malishoni lijaze udongo, likanyage, lipande nyasi siku hiyohiyo. Kitalu cha bustani kifunike kwa matandazo mazito. Kama unaandaa eneo jipya, liache liote lote, lipalilie juu juu kwa jembe la kukwangua jua linapowaka, lingoje liote tena, likwangue tena, ndipo upande. Usiende chini zaidi ya sentimita mbili tatu katika kukwangua huko, ama sivyo unaleta kundi jipya juu.

Kuna jambo la haraka hapa. Mche wa rumeksi ni dhaifu wiki zake za mwanzo na hukufa kwa kukwanguliwa tu. Ukishapita mwezi na nusu hivi, mzizi unakuwa na akiba ya kutosha kuchipua tena ukikatwa. Kati ya siku hizo mbili kuna tofauti ya kazi ya dakika tano na kazi ya siku nzima.

Nafyeka kila mara, haipungui

Haitapungua. Chakula chake kiko chini, na kufyeka majani ni kama kuchota maji ya juu kwenye kisima chenye chemchemi. Kufyeka kunakusaidia kitu kimoja, nacho si kidogo: kuzuia mbegu. Ila ufyeke kabla shina la maua halijaanza kubeba matunda. Wengi husubiri vichwa viwe vya kahawia ndipo wanaviona, na wakati huo mbegu zimeshakomaa. Hata zikiwa bado za kijani, mbegu zilizokwisha jaa huweza kumalizia kukomaa kwenye shina lililolala chini. Kwa hiyo shina lenye matunda haliachwi shambani. Likate, liweke ndani ya mfuko, litoe.

Ukitaka kufyeka kuumize mzizi wenyewe, inabidi iwe mara nyingi na kwa misimu kadhaa, huku nyasi zinazoizunguka zikiwa na nguvu ya kuifunika. Kufyeka mara moja moja nyasi zikiwa hoi hunufaisha rumeksi, kwa sababu yenyewe ndiyo ya kwanza kuchipua.

Nimepiga dawa, majani yamejikunja, kisha imeota upya

Majani kufa si sawa na mmea kufa. Dawa ya kuua mzizi lazima isafiri kutoka kwenye jani kwenda chini, na inasafiri pale tu mmea wenyewe unapopeleka chakula chini. Vyanzo vya kushindwa vinatokana na hilo.

Kwanza muda. Mmea ukishapandisha shina la maua, chakula kinakwenda juu kwenye mbegu, na dawa inakifuata. Majani yakiwa yamejikusanya chini, mapya na mapana, yenye urefu wa sentimita 15 hadi 25, hapo ndipo penyewe. Pili, mmea uliofyekwa juzi hauna majani ya kutosha kupokea kipimo kinacholingana na mzizi ulioko chini. Uache uote kwanza. Tatu, ukame. Jani lililonyauka limefunga milango. Nne, mvua iliyonyesha baada ya kupiga, ambayo kila lebo ina saa zake kuihusu. Tano, na hili huwashangaza watu, ni kuzidisha kipimo: dawa kali kupita kiasi inaweza kuunguza jani kabla haijashuka, na unabaki na majani yaliyokauka vizuri juu ya mzizi mzima.

Kuhusu aina, glaifoseti huua rumeksi pamoja na kila kijani kilicho karibu, kwa hiyo inafaa kwa kupaka mmea mmoja mmoja. Dawa za majani mapana, kama zile ambazo lebo zake zinataja fluroxypyr, triclopyr, dicamba au MCPA, huacha nyasi, lakini nyingi kati yake huua klova. Mwenye malisho ya mchanganyiko anaweza kuondoa rumeksi na kugundua kwamba ameondoa pia mmea uliokuwa ukimlishia udongo naitrojeni bure. Dawa inayoruhusiwa hutofautiana kutoka nchi hadi nchi na hubadilika. Asulam ilitegemewa sana dhidi ya rumeksi, kisha Umoja wa Ulaya ukaikataa mwaka 2011. Soma lebo iliyo mkononi mwako, na muda wa kuwazuia wanyama uliotajwa humo uufuate kama ulivyo.

Na ukifanikiwa, bado utabaki na mapengo ya udongo mtupu ambako mimea mikubwa ilikuwa imelala. Mapengo hayo ndiyo kitanda cha vimche. Dawa bila kupanda nyasi ni nusu ya kazi.

Kila mwaka malisho yanajaa upya ingawa nafanya kila kitu

Acha kutazama mimea, tazama mahali. Tembea na karatasi, uweke alama pale ilipo mingi. Karibu kila mara ramani inaongea. Imejaa langoni? Kwato zinakanyaga hapo hadi udongo unakuwa mtupu na mgumu. Imezunguka chombo cha maji? Hali ni hiyohiyo, tena na unyevu. Imesambaa sawasawa shamba zima? Basi inaletwa na kitu kinachosambazwa sawasawa, na hicho ni samadi. Mbegu za rumeksi hupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai na huvumilia kukaa kwenye samadi ya majimaji. Mstari mmoja kando ya uzio unamaanisha jirani au mfereji, kwa sababu tunda lina mbawa na kivimbe chepesi kinacholisaidia kuelea. Na kama imeanza mahali ulipomwaga nyasi kavu za kununua, chanzo unacho mkononi.

Rumeksi hupenda ardhi iliyonona, hasa yenye naitrojeni na potasiamu nyingi. Shamba linalomwagiwa samadi ya majimaji kila mara sehemu moja kwa sababu ndiko trekta linakofika kwa urahisi, hulisha rumeksi kwanza. Gawanya samadi, pima udongo kabla ya kuongeza kitu, na usiwaache wanyama wakae sehemu moja hadi nyasi ziishe. Ng'ombe huikwepa rumeksi iliyokomaa, kwa hiyo shamba la ng'ombe peke yake huichagulia rumeksi ushindi: washindani wake wanaliwa, yenyewe inabaki. Kondoo na mbuzi huila zaidi, hasa ikiwa changa, na kuwachanganya au kuwapokezanisha hupunguza sana.

Kuna pia wasaidizi wadogo. Huko Ulaya mbawakavu wa kijani anayeng'aa, Gastrophysa viridula, hutaga chini ya jani, na viwavi wake hulitoboa hadi likabaki kama wavu. Ukiukuta mmea wa namna hiyo malishoni, usiupige dawa. Mdudu huyu haui mmea peke yake, lakini mmea uliotobolewa huku umebanwa na nyasi imara hudhoofika kweli. Australia walikwenda mbali zaidi, wakaleta nondo ambaye viwavi wake hutoboa mizizi.

Imetambaa kama nyasi, majani madogo, eneo limegeuka wekundu

Huyo ni Rumex acetosella. Weka koleo chini. Yeye hana mzizi mmoja mnene wa kukata. Ana mizizi myembamba inayotambaa kwa mlalo na kuchipua popote ilipokatika. Kumchimba ni kumgawa.

Kumwona ni taarifa kuhusu udongo: mara nyingi ni wenye asidi, maskini, mwepesi, na nyasi zake hazina nguvu. Wengi humwaga chokaa na kungoja afe. Hafi kwa chokaa, maana kwenye udongo mzuri anaishi vizuri tu. Kinachotokea ni kwamba chokaa na mbolea vinazipa nguvu nyasi na klova, nazo ndizo zinazomfunika. Kwa hiyo pima asidi ya udongo kwanza, rekebisha, kisha panda kitu kitakachoshona ardhi. Kitaluni, inua udongo kwa uma na utoe nyuzi zote kwa mkono, kisha funika kwa kitu kinachozuia mwanga kwa msimu mzima.

Nimeipanda mwenyewe kama mboga, nayo haina ladha

Sasa tuko upande wa pili wa uzio. Rumeksi chachu, pamoja na Rumex scutatus ya majani madogo yenye umbo la ngao, hupandwa kwa ajili ya ule uchachu kama wa limau, na Rumex patientia hupandwa kwa majani makubwa yaliyo laini zaidi. Jani likiwa gumu na chungu, tazama katikati ya mmea: shina la maua limeshapanda. Likate chini kabisa na mmea utarudi kwenye majani. Joto kali huharakisha jambo hilo, kwa hiyo kivuli cha mchana na maji ya kutosha husaidia. Shina likiota tena na tena, na majani yakizidi kuwa madogo mwaka baada ya mwaka, kikundi kimezeeka. Kigawe kila baada ya miaka mitatu au minne. Na ukipenda kuwa na mmea usiomwaga mbegu, kumbuka kwamba Rumex acetosa ina mimea dume na mimea jike mbalimbali. Bakiza dume.

Madoa ya duara yenye ukingo mwekundu ni ukungu. Chuma majani hayo, punguza msongamano. Njia nyeupe zilizopinda ndani ya jani ni za funza wa nzi anayeishi kati ya ngozi mbili za jani, na kupuliza dawa ya juu hakumfikii. Bana jani, tupa.

Baada ya kula, meno yamekuwa kama yamepakwa chaki

Hiyo ni oksaleti, kemikali iliyomo kwenye jani, na ndiyo hiyohiyo inayoleta uchachu. Kula kidogo kama kiungo si tatizo kwa mtu mzima mwenye afya. Sahani tele kila siku ni habari nyingine, kwa sababu oksaleti hujifunga na kalisi. Mwenye historia ya mawe kwenye figo au ugonjwa wa figo aiache kabisa. Chagua majani machanga, yachemshe kwa maji mengi, maji yamwagwe. Usitumie sufuria ya alumini wala ya chuma kisichopakwa kitu, maana asidi hula chombo na mboga hugeuka rangi. Anayekunywa maji ya mzizi wa Rumex crispus kama dawa ajue kwamba mzizi huo una viini vinavyoendesha tumbo. Kuharisha baada ya hapo si ishara kwamba "sumu inatoka". Ni mzizi unaofanya kazi yake.

Kwa wanyama, hatari ni kundi lenye njaa kuingizwa ghafla kwenye eneo lililojaa rumeksi, hasa kondoo. Wakianza kutetemeka, kuyumba na kuanguka muda mfupi baadaye, ita daktari wa mifugo mara moja, na mwambie wamekula nini.

Nimesugua jani palipochomwa na mmea wa kiwavi, bado panawasha

Kusugua jani la rumeksi palipochomwa na mmea wa kiwavi ni imani ya siku nyingi, na jani lenye utomvu baridi kwenye ngozi inayowaka hakika linapoza. Maelezo kwamba jani linazimua asidi hayasimami, kwa sababu utomvu wake wenyewe si wa alkali, na muwasho ule hauletwi na asidi peke yake. Osha kwa maji na sabuni.

Nimeng'oa rundo zima, nilipeleke wapi?

Hapa ndipo kazi nzuri huharibika. Ukilitupa kwenye mboji baridi, ile ya kurundika na kusahau, shingo zitachipua ndani yake na mbegu zitalala zikingoja. Mwaka unaofuata unaisambaza mboji kwa mikono yako mwenyewe. Mboji inayochemka kweli, inayopita nyuzi joto 55 kwa siku kadhaa na kugeuzwa ili kingo nazo ziingie katikati, huua vyote viwili. Kama huna kipimajoto, usikisie.

Njia yangu ni ya polepole. Mizizi naipanga juu ya kipande cha wavu kilichoinuliwa kutoka ardhini, naiacha hadi ivunjike kwa sauti kavu kama kijiti. Ikiwa ni msimu wa mvua naizamisha kwenye pipa la maji lenye kifuniko kwa wiki sita au zaidi, hadi ibonyee kwa vidole na kunuka vibaya. Maji yake nayamwagia mimea mingine, tope lake linaingia kwenye mboji. Vichwa vya mbegu havipandi wavuni wala haviingii pipani. Hivyo hubaki kwenye mfuko wake, vinachomwa.